Viota vya Darajani

Chini ya daraja la chuma, pembezoni mwa mji, palikuwa na kinamasi kilichonuka majani na matope. Mtafiti mmoja wa ndege, mhadhiri wa chuo kikuu, alikuwa amekichunguza kwa miaka mitatu. Kila msimu alihesabu viota vya mbayuwayu vilivyogandamana na vyuma vya daraja kama vyungu vidogo. Mwaka wa kwanza vilikuwa mia mbili na kumi. Wa pili, tisini. Wa tatu, saba. Ripoti yake ilikuwa ukingoni mwa kukamilika: ndege wamekwisha. Baraza la mji liliingoja kwa hamu, maana kama ndege hawapo, kinamasi kingefukiwa pajengwe maghala.

Wiki hiyohiyo mkuu wa idara akamtwika wanafunzi kumi na wawili wa mwaka wa kwanza aende nao uwandani. Mhadhiri, mama wa watu, alikunja uso kama aliyeuma ndimu. Kwake yeye, utafiti na ualimu vilikuwa maji na mafuta.

Miongoni mwao alikuwamo mwanamume wa makamo aliyepaka rangi nyumba za watu miaka ishirini kabla ya kuingia chuoni. Wenzake walimwita Baba Rangi. Walipofika, mhadhiri aliwaamuru wahesabu viota, basi. Baba Rangi hakuhesabu. Alichutama kando ya kinamasi, macho kwenye tope.

"Mzee, viota viko juu," mhadhiri alimwambia. Vijana wakaangua kicheko.

"Nimeviona, Daktari. Lakini hebu njoo utazame. Tope hili limedonolewa, na alama bado mbichi. Mtu hachoti udongo kama hajengi."

Mhadhiri akainama. Vishimo vidogo vilitapakaa ukingo mzima. Miaka mitatu alikuwa akitazama juu tu!

"Sasa wanajenga wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo. Siku hiyo hakuwa ameuliza swali lolote asilolijua jibu lake.

Wanafunzi wakajipanga barabarani, mmoja hapa, mwingine kule konani, kila mmoja akipaza sauti ndege anapompita na tope mdomoni. Kufikia adhuhuri walikuwa wamefika kwenye kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani. Chini ya dari yake ya saruji, viota vilisongamana pomoni. Walihesabu mia tatu na arobaini.

"Na darajani walikimbia nini?" mhadhiri aliuliza.

"Daraja limepakwa rangi ya mafuta, Daktari, kipande kwa kipande, mwaka hadi mwaka. Udongo haushiki pale. Hata mimi ningehama."

Safari hii aliyecheka kwanza alikuwa mhadhiri.

Kuandika ripoti upya kulimuuma, kwani hitimisho la awali alikwisha kulitangaza kwa wenzake. Hata hivyo alisimama mbele ya baraza akasema, "Nilikosea. Ndege wapo, na udongo wa nyumba zao unatoka kinamasini. Mkikifukia, ndipo watakapokwisha kweli." Wajumbe walinong'onezana kwa muda mrefu, kisha maghala yakatafutiwa kiwanja kingine.

Kwenye jalada la ripoti, chini ya jina lake, mhadhiri aliandika majina kumi na mawili, la Baba Rangi likitangulia. Tangu msimu huo hakwenda tena uwandani bila wanafunzi, na kila alipoulizwa sababu alijibu bila haya kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake.