Feni Ndani ya Skrini

Mtu mmoja wa Tukuyu alikuwa na gari lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika. Mtu huyo aliitwa Ambakisye. Katikati ya dashibodi palikuwa na skrini pana, na humo mlifungiwa kila kitu: redio, ramani, hata feni ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Skrini ilisema Kijapani. Ilimwonyesha mitaa ya miji ya Japani ambako hatafika, naye akatamba nayo sokoni.

Mdogo wake, Gwamaka, alikuwa na pikapu kuukuu. Redio ilipokufa, aliichomoa akapachika nyingine, na feni, yenye swichi yake, haikujua kama kuna msiba. Ambakisye alimcheka. Skrini yake ilipoanza kugandaganda, Gwamaka alimsihi amwite fundi aitoe feni humo, aiwekee swichi yake. Thubutu! Gari langu likatwekatwe? Ambakisye akakataa.

Msicheke, ndugu zangu. Ngojeni.

Msimu wa mvua mama yao alishikwa na kichomi. Gwamaka alikuwa safarini, kwa hiyo Ambakisye akampakia mama kumpeleka hospitali ya Mbeya. Huko mlimani mvua ikachapa, skrini ikazima. Nyeusi tii! Akaibonyeza, akaipiga ngumi, akaibembeleza. Kimya. Pumzi zao zikatanda kwenye kioo, barabara ikapotea. Akafuta kwa kiganja. Kabla hajarudisha mkono kwenye usukani, kioo kimeziba tena. Kushoto korongo. Nyuma honi ya lori, inakaribia. Kusimama ni kugongwa, kwenda ni kutumbukia. Angefungua madirisha angeona, lakini baridi ile ingemwingia mama kifuani.

Mama akasema, "Fungua madirisha, baba. Heri baridi inichukue mimi kuliko korongo kutuchukua wote."

Akafungua, huku analia. Walifika. Mama aliingizwa wodini amelowa chapachapa, na Ambakisye akabaki mlangoni, akitega sikio kama bado anakohoa. Nje gari lilikuwa zima, injini nzima, magurudumu mazima. Kilichozeeka ni kitu kimoja tu, ile skrini, na ni yeye aliyekataa kukitenganisha na vingine.

Sikukatazi kupenda kitu chenye umri mfupi. Ila nakuuliza, nami jibu lako naliogopa: uhai wa nani umeufungia ndani ya kitu kitakachozima kesho?