Kifaru Achagua Pa Kuegesha Karavani

"Mliokaa, mmekaa?"

"Tumekaa."

"Mmekaa kwa nafasi?"

"Kwa nafasi tuliyopata."

"Na aliyebanwa?"

"Abanwe akisikiliza."

Basi ilikuwako kambi ya umma kando ya ziwa. Kambi ya umma maana yake haikuwa ya mtu, na kwa hiyo kila aliyefika aliiona yake. Kanuni ilikuwa moja: anayewahi nafasi ndiye mwenye nafasi, na anayetaka nyingine aiache ya kwanza. Msimamizi alikuwa Korongo, ndege mwenye miguu mirefu na shingo inayogeuka upesi.

Bi Kobe alifika asubuhi, mbele ya wageni wote, kwa sababu alianza safari mwezi uliotangulia. Nyumba alikuja nayo mgongoni. Tumboni alikuwa na mayai, na mayai yalikuwa yamechoka kusubiri. Alitaka nafasi moja tu, ile ya chini ya mgunga, yenye mchanga mkavu ambao maji ya ziwa hayaufikii. Kwingine kote palikuwa na mawe, mizizi au matope, na yai la kobe likikosa mchanga halitoi kobe. Ilimbidi atage siku hiyo hiyo kabla ya giza. Kesho ilikuwa mbali mno.

Alifika chini ya mgunga, akashusha tumbo mchangani, akasema, "Aaah. Mwili umepata mahali."

Lilikuwa kosa.

Kwaru-kwaru-kwaru. Kifaru alikuwa anaingia kambini akivuta karavani yake, nyumba ya magurudumu. Ilikuwa na vyumba viwili, baraza ya kukunjwa na dirisha kila upande, ingawa Kifaru haoni mbali na hilo si siri. Akisimama hatua chache kutoka kwenye mti, anaona kitu kirefu, basi. Masikio, hata hivyo, anayo mazuri. Aliyageuza huku, akayageuza kule, akaja moja kwa moja hadi mgungani.

"Bibi, hapo ni pazuri?"

"Pananifaa, mzee."

"Basi na mimi patanifaa. Sogea."

Bi Kobe alimwita Korongo, akaeleza kwamba yeye ndiye aliyewahi. Korongo alimtazama Bi Kobe, akaitazama pembe ya Kifaru, akafikiri kidogo. Kisha akatoa uamuzi. Kuwahi, alisema, huhesabiwa tangu mgeni anapoonekana, na mheshimiwa ameonekana tangu akiwa kilimani, wakati Bi Kobe bado hajaonekana nyasini. Kwa hiyo mheshimiwa amewahi.

Kifaru akaegesha karavani, akakunjua baraza, akalala. Foooo, foooo.

Bi Kobe akaondoka, tepe, tepe, hadi nafasi ya pili. Ilikuwa ya mawe. Alikaa, jiwe likamchoma; akahama, jiwe lingine likampokea. Alinung'unika kwa sauti. Alinung'unika kuhusu mawe, kuhusu Korongo, kuhusu wageni wenye baraza. Kifaru hakugeuza hata sikio.

Hapo Bi Kobe akanyamaza, akafikiri. Kifaru hakuuona mchanga, maana haoni. Hakuuliza kuhusu kivuli wala upepo. Alisikia mtu mmoja amefurahi, akaja kuichukua furaha hiyo. Malalamiko yote ya Bi Kobe hayakumvuta hata hatua moja.

Yai moja likasogea tumboni. Bi Kobe akajikaza. Akafumba macho juu ya mawe yake, akasema kwa sauti ya kutosha, "Aaah. Mwili umepata mahali."

Foooo ikakatika.

"Bibi, hapo ulipo pakoje?"

"Pa kawaida tu, mzee. Lala."

"Mbona unasema aaah?"

"Ni umri, mzee. Tukishakaa, huwa tunasema aaah. Endelea kulala."

Kifaru hakuweza kulala. Mtu anayemwambia alale alikuwa na kitu anachoficha. Akakunja baraza, akajifunga karavani, kwaru-kwaru-kwaru, akaja. "Sogea."

Korongo alimkumbusha kwamba anayetaka nafasi nyingine huiacha ya kwanza. Kifaru akasema ameiacha, hiyo ya kwanza haikuwa na lolote.

Mgunga ukawa mtupu. Bi Kobe alitamani kurudi pale pale, lakini alijizuia. Angerudi, angechimba, na mchanga ni mchanga: mtu akiugusa baada ya safari ya mwezi, roho inasema yenyewe. Kifaru angesikia, angerudi, na magurudumu ya karavani yangepita juu ya shimo. Ilimpasa Kifaru aende mahali ambapo hatarudi.

Jua lilikuwa limesimama utosini. Bi Kobe akaenda, tepe, tepe, hadi nafasi ya tatu. Ilikuwa chini ya mti ambao ndege wa ziwani walikuwa wanaulalia, na kwa sababu ya ndege hao ardhi yake ilikuwa nyeupe. Akakaa. Ta. Ta. Kitu kikamdondokea mgongoni. Akasema, "Aaah. Mwili umepata mahali."

Kwenye mawe, Kifaru alikuwa na jiwe chini ya kila ubavu. Alikuwa anajishawishi kwamba mawe ni afya ya mgongo. Aliposikia aaah, aliacha kujishawishi.

"Bibi, huko kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Ulipo ndipo penyewe. Sisi wadogo tutajibana huku."

Kwaru-kwaru-kwaru. "Sogea."

Ta, ta, ta, juu ya karavani. Kifaru alimuuliza Korongo kama hiyo ni mvua. Korongo alijibu kwamba ni aina ya mvua, mheshimiwa, na kwamba wageni wengi hukipenda kivuli chenye ndege.

Alasiri ikapita. Mayai yalikuwa hayaombi tena, yalikuwa yanaamuru. Bi Kobe akaenda, tepe, tepe, akisimama kila mara kujikaza, hadi alipofika kwenye ukanda wa ardhi uliotoka ziwani na kupanda moja kwa moja hadi majanini. Ulikuwa sawa kama sakafu. Haukuwa na jiwe, wala mzizi, wala unyasi mrefu. Kwa mgeni wa karavani hakukuwa na nafasi ya kuipita hiyo: ya bapa, pana, inayotazama maji. Ajabu ni kwamba hakukuwa na mtu aliyewahi kukaa hapo siku mbili.

Safari hii Bi Kobe hakulazimika kujifanya sana. Alikaa katikati, akasema, "Aaah," kisha akaongeza kwa sauti ndogo, lakini si ndogo sana, "Laiti huyu mzee asingepajua hapa."

Kifaru alifika kabla Bi Kobe hajamaliza kuvuta pumzi.

"Kumbe," alisema. "Siku nzima umenizungusha kwenye mawe na mavi ya ndege, na pa kweli ukapaweka akiba."

Bi Kobe akainamisha kichwa. Alimwomba radhi. Alimwomba pia amwachie angalau pembeni, ajibanze na mzigo wake. Kifaru akasema pembeni kuna baraza. Korongo akaitwa, akaulizwa kama nafasi hiyo ina kasoro. Korongo alifikiri, akajibu kwamba hajawahi kupokea malalamiko kutoka kwa yeyote aliyelala pale. Hilo lilikuwa kweli. Waliolala pale hawakuwa na desturi ya kurudi ofisini.

"Sogea," alisema Kifaru.

"Nasogea, mzee, ila mimi si mwepesi. Nitakuchelewesha kukunjua baraza."

Kifaru akaingiza pembe chini ya gamba, akamsukuma. Bi Kobe akateleza kwenye nyasi, srrrrr, mayai yakigongana tumboni, hadi karibu na mgunga. Mwendo ambao ungemchukua jioni nzima uliisha kwa pumzi moja. Alimshukuru, na hakuna shukrani iliyotoka moyoni kama hiyo siku ile.

Chini ya mgunga alikuta Kifaru ameacha rundo la samadi, kama vifaru wanavyofanya wakitaka kusema mahali ni pao. Harufu ilikuwa nzito. Nguchiro, ambaye huchimbua mayai ya wenzake, alinusa kutoka mbali, akajua mwenyewe yupo, akapita na shughuli zake. Bi Kobe akachimba kando ya rundo, akataga, akafukia, akalainisha mchanga kwa tumbo. Hakusema aaah. Aliuma ulimi, akalainisha.

Jua lilikuwa linaingia majini. Ziwa likasema puuu. Likasema tena, puuu, puuu. Viboko walikuwa wanatoka kwenda kula majani, mama mkubwa mbele, wengine nyuma yake, kwa njia wanayopita kila jioni tangu ziwa lilipokuwa ziwa. Kiboko hageuzi njia. Hawakumgombeza Kifaru, wala hawakumsalimia. Walipita. Kra, kra, kra, ikawa karavani. Puu, ikawa baraza. Kifaru alitoka mbio na fremu ya dirisha shingoni, akisikia vizuri na asione kitu, na hakusimama hadi kilimani.

Asubuhi aliteremka kumwambia Korongo kwamba anataka nafasi yake ya mgungani, aliyoiwekea alama. Korongo alimtazama. Aliitazama pembe, akaitazama fremu, akatazama nyuma yake palipokuwa na karavani jana. Kisha akamweleza, bila kusema mheshimiwa, kwamba kambi hii ni ya wenye nyumba za kusafiria. Bi Kobe anayo. Yeye je?

Kifaru akaondoka. Hadi leo anawaambia watu kwamba kando ya ziwa kumeharibika, kuna kelele.

"Ngano nimeikunja."

"Ikunje."

"Anayeitaka akaikunjue kwake."

"Tutaikunjua."

Na funzo lake, wanangu, msije mkasema sikuwapa. Mtu aridhike na nafasi aliyopata, kama Bi Kobe, ambaye siku nzima aliridhika popote alipokaa. Ila mkiridhika, ridhikeni kwa sauti.