Digidigi Aliyekwenda Kuchota Maji

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na majirani kama sisi, na baadhi yao wakitushinda adabu, aliishi Digidigi peke yake kando ya mto. Acha kuchezea mkeka, wewe, sikiliza.

Ng'ambo ya mto alikaa mama yake, mzee, macho yameshaingia ukungu. Upepo ukileta harufu ya moshi kutoka kule, Digidigi husimama katikati ya palizi, jembe limemganda mkononi.

"Mama anapika mlenda," husema peke yake. Halafu huendelea kupalilia. Tena shamba lenyewe si lake.

Pale kijijini walilima kwa ujima: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule. Na jembe haligusi ardhi mpaka wote wakubaliane kazi ya nani itangulie. Mabishano yakianza, Digidigi, asiyependa kelele, husema haraka, "Haya, kwa Bwana Tembo." Siku nyingine, "Haya, kwa Mama Kiboko." Zamu yake haikufika. Na yeye kwa mama yake hakufika.

Asubuhi moja mawingu yakajaa milimani, meusi kama masizi. Mto ukifurika, mwenye miguu kama vijiti hana njia mpaka mavuno.

"Jamani, leo niruhusuni. Mama ameleta salamu, anaumwa."

"Mama yako si yupo tu?" Tembo akasema, akijipepea kwa masikio, pwa, pwa. "Magugu yangu je?"

"Utakwenda baada ya palizi, mdogo wangu," Kiboko akambembeleza.

"Palizi ya nani?"

"Yangu. Halafu tuezeke paa langu."

Digidigi akatazama mawingu. Kisha akatabasamu, na mjue tabasamu lile halikuwa la furaha.

"Kweli, kazi zenu ni kubwa. Ila leo mimi mdogo siwachagulii. Nani asiyejua kwamba magugu ya Bwana Tembo yanamficha hata yeye mwenyewe?"

"Mmesikia!" Tembo akanguruma.

"Lakini paa la Mama Kiboko likivuja, wanawe watalala wapi? Ningekuwa yeye, nisingekubali kuwa wa pili."

"Na sikubali!" Kiboko akapiga mguu chini, tii!

"Wewe unashinda mtoni, mvua itakufanya nini?"

"Na wewe una mkono puani, huwezi kung'oa magugu yako?"

"Basi patananeni," Digidigi akasema kwa upole. "Mie nawachotea maji, maana mtakauka koo."

Akachukua kibuyu. Chwi, chwi, chwi, mpaka mtoni. Kibuyu akakiacha ukingoni, akaingia. Maji yakamfika tumboni, yakamfika shingoni. Akavuka.

Haukupita muda mrefu. Wakubwa wale, sauti zimewakauka, wakateremka mtoni. Wakakuta kibuyu kitupu, na mto umeshajaa, unakuja, guuu! Ng'ambo, Digidigi anajikung'uta.

"Wewe! Maji yetu yako wapi?"

"Si hayo mbele yenu? Mto mzima!"

"Na kazi yangu?" wakauliza wote kwa pamoja.

"Mmeshapatana ianze ya nani?"

Wakatazamana. Kiboko angeweza kuvuka amrudishe, lakini nyuma angemwachia Tembo nafasi ya kutangulia. Wakabaki pale pale, mvua inawapiga, wanabishana.

Digidigi akakimbia. Kila kichaka alikijua, na kila kimoja kilikuwa kimekua bila yeye. Akasimama mlangoni, anahema, akihofia kuita.

"Nani huyo anayehema?"

"Ni mie, mama."

Mama akamgusa pua, akamgusa masikio. "Umekonda. Na umechelewa."

"Nimechelewa, mama."

"Nilikuwa na visa vitatu vya kukuhadithia. Viwili nimevisahau nikikungoja."

Digidigi akakaa karibu, ubavu kwa ubavu, nje mvua inamwagika.

"Nihadithie hicho kimoja," akasema.

Na nyie mlio na haraka, shikeni hili: kazi ambayo kesho itakuwepo, usiitangulize mbele ya mtu ambaye kesho huenda hayupo.