Breki Laini na Mguu wa Bi Sikudhani

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali maana gari bado lipo na vumbi lake, palikuwa na gereji katika kijiji kimoja cha milimani Usambara. Kijiji kile kimekaa kwenye mteremko. Ukidondosha chungwa sokoni, utaliokota mtoni. Kule breki si jambo la mzaha.

Gereji ilikuwa ya fundi Shekiondo. Mikono yake ilisifiwa toka juu mpaka bondeni, naye alijua kwamba inasifiwa. Siku moja Mbwana, dereva wa pikapu ya kabichi, akamletea gari libadilishwe pedi na diski za breki za mbele. Shekiondo akafunga mpya. Na kwa kuwa anapenda usafi, akazing'oa zile kalipa mbili, vyuma vinavyobana pedi, akaziosha, akazianika juu ya gunia. Huku akipiga soga na wateja, akazirudisha. Ya kulia akaifunga kushoto. Ya kushoto akaifunga kulia.

Sasa tegeni sikio. Kila kalipa ina nati ndogo ya kutolea upepo, na nati hiyo hukaa juu, maana upepo ndani ya mafuta hupanda juu kama povu la chai. Kalipa zikibadilishana upande, nati hutazama chini. Utaifungua, mafuta yatatoka, upepo utabaki palepale. Na pedali ya breki yenye upepo ni laini, inazama mguu ukizama.

Gereji ile ilikuwa na utaratibu wake. Fundi hulala chini ya gari, dereva hukaa kwenye usukani. Fundi huita, "Pampu." Dereva hukanyaga mara tatu. Fundi huita, "Shika." Dereva hushikilia, fundi hufungua nati na kuifunga. Na kazi haiishi mpaka dereva aseme, "Imeshika." Neno hilo ni la aliyekanyaga. Fundi halisemi, hata awe bingwa.

Basi, pampu, shika. Pedali ikazama. Pampu, shika. Ikazama tena. Mara ya tatu Mbwana akapampu harakaharaka, pedali ikasimama kidogo, akasema, "Imeshika." Shekiondo akatoka chini ya gari, akasema ulaini uliobaki ni upya wa pedi tu, zitajizoeza njiani.

Pembeni alisimama Mwantumu, mwenye duka la vipuri aliyeleta zile pedi. Huyu alifundishwa ufundi na Shekiondo mwenyewe, miaka mingi nyuma. Akainama, akaiona nati inatazama chini. Akainuka, akajipangusa mikono, akaenda zake.

Mbwana akateremka na kabichi. Kona ya kwanza akapampu, gari likatii. Kona ya pili akapampu, likatii. Kona ya tatu hapakuwa na nafasi ya kupampu. Gari likapanda baraza ya Bi Sikudhani, mshona sare za shule, likamvunja mguu. Ni mguu wa kulia, wa kuendeshea cherehani. Mama yule hana kazi nyingine.

Gurudumu likafunguliwa mbele ya watu, kila mtu akaona nati ilivyokaa. Watu wazima wakabaki wanatazama viatu vyao.

Mlima ule una desturi: radhi huombwa na mtu mmoja. Wakienda wengi, kila mmoja hujificha nyuma ya mwenzake. Bi Sikudhani akatuma ujumbe kutoka kitandani kwamba ameweka kigoda kimoja. Aje mwenye kosa, akae, aseme. Wakimletea asiye mwenyewe, msamaha hana.

Wakakutana watatu gerejini, Shekiondo, Mbwana na Mwantumu, na milango wakaifunga.

Shekiondo akasema, "Niende mimi. Mikono ni yangu. Nusu ya mlima huu nimewafundisha kwamba nati hukaa juu. Pedali ilipozama mara mbili niliona haya kufungua upya mbele ya wateja, nikasingizia pedi. Kwamba kalipa zimepishana sikujua. Lakini nilitakiwa nijue."

Mbwana akasema, "Hapana, fundi. Wewe hukujua, mimi mguu wangu ulijua. Wiki moja kabla nililalamika breki zinalia, kumbe ni kijiwe tu kimenasa, gereji nzima mkanicheka, mkaniita Bwana Hofu. Sikutaka kuitwa hivyo tena. Nikasema imeshika, na haikushika. Na usukani niliushika mimi."

Nanyi mnaonisikiliza hadithi, msinitazame hivyo. Siku ile nami nilikuwa pale gerejini; jina lile nililibuni mimi, na nilicheka kuliko wote. Mpaka leo nikilikumbuka uso unaniwaka.

Mwantumu alikuwa wa mwisho kusema. "Mwalimu, wewe hukujua. Kaka Mbwana alihisi, hakujua kwa nini. Mimi niliona na nikajua. Neno moja lingetosha. Nikajiambia siwezi kumsahihisha mwalimu wangu mbele ya watu, nikaiita adabu. Nilikusitiri wewe, aliyelipia ni Bi Sikudhani."

Shekiondo akafunika uso kwa kiganja. Kila mmoja akashikilia kwamba kosa ni lake. Wakatoka, wakateremka njia ya kwa Bi Sikudhani, na watu waliokuwa wanateka maji wakawapisha bila kuwasalimu.

Wakafika mlangoni. Ndani waliona kitanda, mguu uliofungwa plasta juu ya mto, na kigoda kitupu. Bi Sikudhani akawatazama mmoja mmoja, hakukunja uso. Akasema, "Mmoja wenu aingie. Wengine warudi, nami sitauliza majina yao."

Shekiondo akasogea, akasita. Mbwana akasogea, akasita. Mwantumu akasogea, akasita. Kila mmoja aliogopa kuingia, na kila mmoja aliogopa zaidi kurudi nyumbani bila kuingia.

Haya, mimi nimewafikisha mlangoni, kuingia nawaachia ninyi. Yuko aliyekosea bila kujua, yuko aliyehisi akadanganya, yuko aliyejua akanyamaza. Kigoda ni kimoja, na mama anangoja. Je, nani alistahili kukikalia?