Kwa Nini Aliyeangushwa Hufagia Uwanja

Hapo zamani, ukoo wetu ulipokuwa ungali ng'ambo ya mlima, aliyeangushwa mara tatu katika mieleka ya baada ya mavuno hakuingia tena uwanjani maisha yake yote. Ndivyo nilivyosimuliwa na shangazi yangu Namsifu, naye alisimuliwa na baba yake.

Semboja aliangushwa mavuno matatu mfululizo, mara zote na Kiluwa. Kwa kuwa hakutaka kukaa na watazamaji, aliomba kazi yoyote ya uwanjani. Wazee wakampa ufagio, na vijana wakacheka sana.

Kila asubuhi ya siku za mieleka alisawazisha vumbi lililochimbuliwa jana yake. Siku za mwanzo alifagia tu. Baadaye akagundua kwamba pale mtu alipoangukia, alama za vidole vyake zilikuwa zimezama, na mahali pa kisigino palikuwa patupu. Aliyeanguka alikuwa ameinua kisigino kabla hajaanguka. Semboja akakumbuka miguu yake mwenyewe.

Nyumbani alimwomba mkewe, Nakunde, amsukume kila jioni, ili ajizoeze kusimama visigino vikiwa chini. Mwaka wa kwanza alianguka karibu kila siku. Nakunde alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini yako aliyoyasema ambayo ukoo haujayasahau: "Baba Mkunde, leo angukia upande ule. Huku nimeanika mtama."

Mwaka wa pili alianguka mara chache. Wa tatu, Nakunde alilazimika kumwita dada yake wasukume wawili. Wengine husema mazoezi yale yalichukua miaka saba. Shangazi alisema mitano, nami nashika hiyo.

Katika mavuno ya mwaka huo wa tano hakujitokeza mtu wa kushindana na Kiluwa. Alizunguka uwanja mara mbili, kisha akasema, "Basi nipeni ule ufagio, nipambane nao."

Semboja aliulaza ufagio chini, akasogea katikati. Mzee wa mieleka akamkumbusha kwamba aliyeanguka mara tatu haruhusiwi kuingia.

"Ni kweli, mzee wangu," Semboja alisema. "Lakini mimi sijatoka."

Watu walicheka, na mzee, baada ya kufikiri, akawaruhusu washikane.

Walishikana muda mrefu. Kiluwa alivuta, akasukuma, akajaribu kumzungusha kama zamani. Semboja hakuinua kisigino. Mwishowe Kiluwa alichoka kusubiri, akanyanyuka kwa vidole ili amwelemee kwa juu, na hapo Semboja akamwangusha.

Kiluwa aliinuka polepole. Hakugomba. Aliuliza, "Umenipatia wapi?"

Semboja akamwonyesha vumbini: vidole vimezama, kisigino hakipo. Kiluwa aliitazama alama ile kwa muda, kisha akaokota ufagio mwenyewe, akasema wasimwite mpaka amalize kuzitazama nyingine.

Wazee waliifuta sheria ya mara tatu jioni ileile. Na tangu siku hiyo, katika ukoo wetu, aliyeangushwa ndiye anayekabidhiwa ufagio, na hakuna anayekanyaga uwanja kabla yake. Wageni hudhani tunamdhihaki, hasa wanapoona anavyochelewa kuanza kufagia.