Siku Kiboko Alipokula Muwa wa Adhuhuri

Paukwa?

Pakawa.

Panga?

La miwa.

Jasho?

La mkataji.

Sukari?

Ya mwenye shamba.

Basi kaeni, na mtu asinipigie sufuria teke.

Hapo zamani, na kwingine hata leo, Kiboko alikuwa na shamba la miwa kando ya mto. Wanyama walimkatia. Kila mmoja alipimiwa ngwe yake, na ngwe ilipimwa kwa hatua za Kiboko, si kwa hatua za Digidigi. Kwanza shamba lilichomwa moto ili majani yaishe, kisha wakataji wakaingia humo humo, majivu yangali ya moto. Fyeka, fyeka, fyeka. Jua juu, joto chini.

Kiboko mwenyewe alilala mtoni, maji shingoni. Sheria yake ilikuwa moja: "Hakuna kunywa mpaka ngwe iishe. Anayekunywa hulegea."

Jumatatu akaanguka Swala, hakuamka. Jumatano akaanguka Paa, hakuamka. Kiboko akasema, "Walikuwa wagonjwa tangu kwao."

Alhamisi Ndezi akamtazama rafiki yake Digidigi. Ndezi ni yule panya mkubwa wa mashamba ya miwa, meno mbele, mkia mfupi, hana sura ya kusifiwa. Lakini macho anayo. Aliona Digidigi ameacha kutoka jasho.

"Shoga, unaona vizuri?"

"Naona Ndezi wawili."

"Mmoja anatosha. Weka panga, lala kwenye kivuli changu."

"Kivuli chako hakinifiki magotini."

"Basi weka kichwa tu."

Ndezi akashuka mtoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Nakuhurumia unavyokula makapi."

"Marahaba. Makapi gani? Mimi naletewa muwa mnono kuliko yote."

"Unaletewa, ndiyo. Muwa ukishakatwa, utamu huanza kutoroka. Ukifika hapa zimebaki kamba za kutafuna. Utamu wenyewe uko kule katikati, saa sita, muwa ukiwa bado wa moto. Sisi tunaulamba kwenye panga na kunyamaza."

"Mnanyamaza," akasema Kiboko, masikio yamesimama.

Akatoka majini. Du, du, du, hadi katikati ya shamba. Ndezi akamkatia kwa meno. Kweli ulikuwa mtamu. Kacha, kacha. "Mwingine." Kacha, kacha. "Mwingine." Alipotaka kurudi, tumbo lilikuwa zito, majivu yanamchoma nyayo, na ngozi yake isiyojua jua imeanza kupasuka kama udongo wa kiangazi. Akaketi. Kisha akalala.

"Maji," akasema.

"Ngwe haijaisha, Bwana."

"Nitakufa."

"Labda ulikuwa mgonjwa tangu kwenu."

Kiboko akahema. "Ndezi, chimbeni mfereji. Nivutieni mto huku."

"Tutachimba. Ila mfereji huanzia mtoni, na mchimbaji mkavu hachimbi. Tunywe?"

Kiboko akafumba macho. "Kunyweni."

"Kwa sauti, Bwana. Ngiri yuko mbali."

"Kunyweni nyote!"

Wakashuka. Digidigi alibebwa, akamwagiwa maji mwili mzima, alipopata fahamu akanyweshwa kidogo kidogo, kwa sababu Ndezi hakuwa mtu wa pupa. Kisha Ngiri akachimba, Nungunungu akachimba, Ndezi akachimba. Wakichoka, walikunywa. Wakinywa, walipumzika. Alasiri maji yakamfikia Kiboko, chubwi, naye akatambaa ndani ya mfereji mpaka mtoni.

Kesho yake alitaka ufukiwe. Lakini kufukia kulihitaji wafukiaji, na hakuna aliyejitokeza. Mfereji ukabaki, ukipita kwenye kila ngwe. Basi Kiboko akaanza kuwaambia wageni kwamba aliuchimba mwenyewe, kwa huruma.

Digidigi alimaliza msimu ule akiwa hai, na msimu uliofuata.

Ngano yangu imefika ukingoni. Anayeitaka abebe, asiyeitaka anipishe nioshe vyombo.

Na funzo lake, wanangu: msimdharau tajiri. Kama Kiboko asingeona kiu, nani angejua kwamba wakataji nao huona kiu?