Sultani Dominant na Wembe wa Mbaruku

Palikuwa na sultani, Badawi bin Mshangama, aliyeokota neno moja la Kiingereza kwa mgeni wake akalivaa kama kilemba: dominant. Chai ikichelewa, "Mimi ni dominant!" Mvua ikimlowesha, "Hii haijui mimi ni dominant?" Vijana wa mji ule walikuwa na digrii, kazi hawana. Yeye ana neno moja tu, na jumba analo. Very fair, au siyo?

Ijumaa moja, kabla ya swala, akatua kwa Mbaruku kinyozi, kibandani chini ya ukuta wa jumba. Foleni nzima ikampisha. Akajitupa kitini, akafungwa shuka shingoni.

"Mbaruku, kibanda chako kinanizibia upepo. Leo kinavunjwa. Ila ninyoe kwanza."

"Na wanangu wale nini, mtukufu?"

"Mimi ni dominant. Unajua maana yake wewe?"

"Nimesoma chuo kikuu, mtukufu. Ndiyo maana nanyoa."

Foleni ikakohoa.

"Haya, eleza, na hawa wasikie!"

"Dominant ni yule ambaye neno lake ndilo linalofuatwa. Mkiwa wawili, yeye anasema, mwenzake anatii. Simple."

"Ndiye mimi!" Sultani akapiga paja. "Nitajie mtu mmoja tu mjini humu anayenizidi kwa hilo. Ukimpata, kibanda ni chako mpaka kwa wajukuu. Wallahi, mbele ya hawa wote! Ukimkosa, hama leo leo."

Mbaruku akanoa wembe.

"Inamisha kichwa, mtukufu."

Akainamisha.

"Geukia kushoto."

Akageuka.

"Usitikisike."

Akakauka kama gogo. Nyuma kwenye foleni mtu akacheka puani, na mwenzake akamfuata.

"Wanacheka nini hawa?"

"Nyamaza kidogo, mtukufu, nazunguka sikio."

Akanyamaza! Foleni ikashindwa kujizuia, watu wakashika mbavu.

Sultani akaruka wima, shuka shingoni, nusu ya kichwa inang'aa kama sufuria, nusu bado kichaka. "Mjinga wewe! Nimekuuliza swali! Nani anayenizidi? Nani?"

Papo hapo adhana ikalia. Msikitini mji mzima unamsubiri safu ya mbele.

Mbaruku akapangusa wembe.

"Keti."

Akaketi.

"Jibu lako ndilo hilo, mtukufu. Haya, lete sikio la pili."